Shimo Katikati ya Wimbo

Kabla sijaliona lori, niliyasikia mabati. Nilikuwa nimesimama kando ya uwanja mmoja wa Dandora, asubuhi, nimeshika mfuko wa plastiki wenye viatu vya dansi nilivyoazimwa na dada yangu, na mabati ya vibanda vyote vilivyonizunguka yakaanza kuvuma polepole, kama nyuki waliojificha chini ya paa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya karibu nami aliweka kiganja juu ya fungu lake zisiporomoke. Hakuinua hata uso. "Hao wamefika," akaniambia. "Shika kitu, mami."

Kisha vichochoro vikamwaga watoto. Walitoka wakikimbia, wengine na ndevu za uji mdomoni, mmoja na povu kichwani, mama yake akimfuata na kata ya maji akimsihi arudi asuuzwe. Nyuma yao ndipo lori likakata kona, jeupe na buluu, spika zimepangwa moja juu ya nyingine kama vyumba vya ghorofa za mtaa wa Pipeline. Ubavuni palichorwa mwanamke anayecheka na shati lake, na chini yake neno moja kubwa kuliko mtu: SAFINDA.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilifanya kazi ya kutangaza sabuni mpaka nilipostaafu, na vijana wanaofanya matangazo siku hizi kwa simu, wamekaa chumbani na miguu yao ndani ya soksi, huniuliza kazi yetu ilikuwaje. Huwa nawaambia kwamba ilianzia miguuni. Mtu akirudi nyumbani bila vumbi kwenye kope, basi siku hiyo hakutangaza kitu.

Nilikuwa kibarua wa kufungasha sabuni kiwandani, katika Eneo la Viwanda. Nilikuwa nikiimba nikifungasha, kwa sababu mashine zilikuwa na mdundo na mimi nilizaliwa katika nyumba ya wanakwaya, na siku moja mtu fulani mfupi mwenye kofia ya sufu alisimama nyuma yangu akisikiliza. Alikuwa Msimamizi wa Msafara. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa lori, dereva, wachezaji, mitambo na yeyote aliyeshika kipaza sauti. Alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, mwenye njugu mfukoni siku zote, naye aliniuliza kama ninaogopa watu. Nikamwambia ninaogopa ng'ombe tu. Wiki iliyofuata nikawa Dandora na viatu vya dada yangu.

Kazi yangu iliitwa sauti ya lori. Mchezaji anaweza kuumwa, mitambo inaweza kukwama, lakini sauti ya lori ikinyamaza uwanja unatawanyika. Siku ile ya kwanza niliimba wimbo wote wa Safinda kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa madaha, macho nimefumba kama niko kanisani. Watu walipiga makofi mazuri, kisha wakaenda zao. Msimamizi alinipa njugu chache akaketi nami kwenye ngazi ya lori.

"Nekesa, umeimba vizuri sana," alisema. "Ndiyo shida. Umewaimbia wimbo mzima, sasa wao wataimba nini? Waachie shimo."

Hapo ndipo nilipofundishwa ufundi wote wa kazi hii. Shimo ni pale mwimbaji anaponyamaza katikati ya wimbo ili umati umalizie. Unaimba mstari, unakata, na jina la bidhaa linatoka midomoni mwa watu badala ya mdomo wako. Lakini umati haujui wenyewe ujaze nini, kwa hiyo shimo lina mwenzake, nao ni mkono. Unaponyamaza, mkono wako unaelekea kwenye picha ya sabuni iliyo nyuma ya jukwaa, macho ya watu yanaufuata, na neno linatoka. Msimamizi alinionya kuhusu jambo moja tu. Shimo lisipojazwa, alisema, linammeza aliyelichimba. Aliwahi kumwona mtangazaji wa mafuta ya kupikia aliyeacha shimo watu wakanyamaza, na mtu yule akarudi kwao kulima.

Nilihitaji wimbo wenye shimo, na sikuhitaji kuutafuta mbali. Nililelewa Makongeni, baba akiwa fundi wa reli, na sisi wasichana tulikuwa na wimbo wetu wa kuruka kamba. Wawili wanazungusha, mmoja anaingia, na wote wanaosubiri zamu wanaimba:

Mlango wazi, nani aingia?

Hapo wananyamaza kidogo, kisha wanalitaja kwa pamoja jina la yule aliyeingia.

Kamba moto, nani arukia?

Wanalitaja tena. Hivyo tu, mpaka mguu unase. Wimbo wenyewe haukuwa na maana kubwa, bali kazi yake ilikuwa kubwa, maana mtoto aliyehamia Makongeni hakuwa mtu mpaka kamba imemwimba. Mama zetu walijua majina ya majirani wapya kwa kusikiliza kamba kupitia dirishani huku wakipika.

Nilimwimbia Msimamizi. Aliacha kutafuna. Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kayole, nikaimba, "Mlango wazi, nani aingia?" nikanyoosha mkono, na uwanja mzima, watoto mbele na mama zao nyuma na makanga wa Spine Road wakining'inia milangoni mwa matatu, wakaitikia: "Safinda!"

Mwili ulinisisimka. Nisidanganye mtu, ulikuwa utamu. Miaka ile ya lori ilikuwa miaka ya kicheko. Mvua ilitukuta Kayole udongo ukageuka gundi, lori likazama hadi ekseli, na akina mama waliokuja kutazama wachezaji wakafunga leso viunoni wakatusukuma, wakiimba wimbo uleule, wakiacha shimo palepale ili dereva alijaze kwa honi. Tuligawa pakiti ndogo za sabuni za kujaribu, tukiziita vitoto, na ilikuwa amri kwamba kitoto apewe mtoto. Nilimuuliza Msimamizi kwa nini, ilhali mtoto hafui.

"Mama ana mlango, na mlango una kufuli," alinijibu akichagua njugu. "Mtoto hana kufuli popote. Mpe mtoto."

Alistaafu kwa amani, na sisi tukawekwa chini ya Meneja wa Mauzo, mtu mrefu mwenye tai, aliyependa kuona ramani. Alibandika ramani ya Eastlands ukutani akasema lori linafika uwanjani tu, na watoto hawako uwanjani asubuhi. Wako shuleni. Basi tukaenda shuleni. Tulipeleka karatasi za kufunikia madaftari zenye mwanamke anayecheka na shati, ratiba za masomo zenye Safinda pembeni, na mitungi ya maji yenye bomba ili watoto wanawe mikono. Mimi nilifundisha kunawa kwa wimbo. Sioni haya kwa mitungi ile. Kuna shule za Dandora ambako maji ya kunawa yalifika kwa mara ya kwanza juu ya mgongo wa tangazo, na mwalimu mkuu mmoja aliniombea baraka mbele ya gwaride. Lakini ni kweli pia kwamba mtoto aliyekuwa akituona mara moja kwa msimu sasa alituona kila alipofungua daftari la hesabu.

Mwalimu wa shule ya Jumapili wa kanisa letu, mama mnene mwenye heshima zake, alikuja kwangu jioni moja. Alikataa chai. Alikataa hata kiti kwanza.

"Mama Nekesa, leo nimewauliza watoto, ni nani anayeosha mioyo yetu iwe myeupe," alisema. "Nikanyamaza wajibu. Kanisa zima likasema Safinda."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikasema amina. Neno lilishawatoka mdomoni."

Alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda. Alicheka mpaka akahitaji kile kiti, kisha akahitaji chai, na chai yenyewe akaimwaga. Nilipomsimulia Meneja wa Mauzo alinitaka nisimulie tena mbele ya mkutano mzima wa ofisi, na watu wakasimama kupiga makofi. Nami nilipiga. Nikirudi nyumbani nilipita watoto wakiruka kamba kwenye ua wa ghorofa zetu Kayole, mtoto mmoja mwenye miguu ya swala akiwa katikati, nikasimama ili nisikie anaitwa nani. Aliitwa Safinda. Aliyemfuata aliitwa Safinda pia. Na aliyemfuata yeye.

Nilifikiri wanatania kwa sababu wameniona. Lakini hawakuwa wameniona. Ndivyo walivyoujua wimbo.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Meneja wa Chapa, msichana mwenye raba nyeupe na akili kali, ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alinipenda na mimi nilimpenda. Aliniita Auntie, akanifundisha kutuma picha, na aliponieleza kazi mpya aliieleza kwa adabu kama mtu anayempa mgonjwa habari. Malori yalikuwa yanauzwa. Sasa tangazo lilikaa kwenye simu, katikati ya katuni, na mtoto alilazimika kulisubiri lipite ndipo aone kama paka amemshika panya. Alinionyesha katuni moja ambayo haikuwa na tangazo popote, nikaisifu, naye akacheka. Katuni nzima ilikuwa tangazo: paka alikuwa wetu. Panya alikuwa doa.

"Kwa hiyo hakuna kupumzika katikati," nilisema.

"Auntie, hapo katikati ndipo sisi tunaishi."

Mwaka huohuo binti yangu alipata kazi Mombasa, akaniletea mjukuu wangu, Nanjala, akae nami mpaka yeye atulie. Nanjala alikuwa na miaka minane na maneno machache. Alikuja na begi dogo na mazoea ya kusimama karibu na kuta. Nyumba yangu ilimshangaza. Vikombe vyangu ni vya Safinda, mwavuli ni wa Safinda, aproni, pazia la bafu, hata kibao cha kukatia mboga. Alizunguka akisoma kila kitu kwa sauti ya chini, akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Kukhu, hii nyumba ni ya nani?"

Watoto wa ghorofani walikuwa wamezoea kuniita Mama Safinda. Mjukuu wa Mama Safinda alipotokea uani, hawakuhangaika. "Wewe Safinda mdogo," walimwambia, "zamu yako ya kuzungusha." Akazungusha. Siku hiyo, na siku zilizofuata, yeye alikuwa mkono wa kamba, na waliporuka wakaimba, wote walikuwa Safinda, naye akawa Safinda mdogo. Hawakuwa watoto wabaya. Hakuna aliyemsukuma wala kumnyima andazi. Ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza jina. Baada ya wiki kadhaa akaacha kushuka.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, simu yangu mkononi, akimtazama yule paka wetu. Nikamuuliza mbona hachezi.

"Nikicheza hawanijui," alisema. "Kukhu, mtu akikaa mahali na jina lake halijasemwa, anakaa hapo kweli?"

Nilimpa ndizi. Lakini swali lile nililibeba, nikapika nalo, nikalala nalo. Nilikuwa mtu aliyeweza kuufanya uwanja mzima useme neno moja, na katika nyumba yangu mwenyewe kulikuwa na jina la silabi tatu ambalo Kayole yote haijawahi kulisema. Na-nja-la. Lingeingia shimoni kama mkono kwenye glavu.

Onyesho langu la kuaga lilipangwa Kayole, kwa heshima yangu, kwa lori la mwisho lililobaki. Meneja wa Chapa alileta wapiga video. Alitaka kitu kimoja tu, akanieleza mara nyingi: watoto waruke kamba chini ya jukwaa, nami niimbe, na uwanja ujaze shimo. Kizazi cha tatu kikiimba Safinda. Ingewekwa kwenye simu za nchi nzima, nami ningestaafu kama malkia. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo safi, kwa sababu nilikuwa bado sijajua nitakachofanya.

Mabati yalivuma kama zamani. Watoto walimwagika. Nanjala alikuja nami akasimama ubavuni mwa lori, kwenye kivuli cha spika, mahali ambapo mtu anaweza kuona bila kuonwa. Nilimwita kwa kidole aje kwenye kamba, akatikisa kichwa. Kamba ilikuwa mpya, yenye maandishi ya kampuni, na aliyeingia kwanza alikuwa yule mtoto mwenye miguu ya swala.

Nikaimba. "Mlango wazi, nani aingia?"

Nikanyamaza, na mkono wangu, uliokuwa umeelekea kwenye ile picha maisha yangu yote, ukashuka. Nilimnyooshea mtoto.

Uwanja ulinyamaza. Ninyi mliozoea kubonyeza vitufe hamjui kimya hicho. Nilimsikia mtu akikohoa upande wa barabara. Nilisikia kamba ikipiga udongo. Watoto walitazama mkono wangu, wakatazama mtoto, wakatazamana, na nikaona kwamba hawakuwa wakaidi. Hawakulijua tu jina lake. Waliruka naye kila siku na wengi wao hawakujua. Nikamkumbuka yule mtangazaji wa mafuta aliyerudi kulima, nikajiuliza kama shamba la marehemu baba lina maji.

Kivulana kimoja mbele kikajaribu kwa upole, "Safinda?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka kwenye kipaza sauti, kicheko kikatoka kikubwa kuliko nilivyokusudia, kikazunguka ghorofa kikarudi. "Hapana, bwana mdogo," nikamwambia. "Sabuni iko pale imekaa, hairuki. Anayeruka anaitwa nani?"

Mtoto mwenyewe, bila kukosa hata mruko mmoja, akajibu kwa pumzi fupifupi, "Mimi, Wambui."

Nikaanza upya. Safari hii shimo lilipokuja uwanja ulilijaza mpaka likafurika. Wambui! Alirushwa na jina lake, wallahi, miguu yake haikugusa chini. Akafuata Otieno, kivulana kilekile, kikiruka vibaya na kushangiliwa kuliko wote. Akafuata Mutheu. Akafuata mama mmoja wa mboga, leso imefungwa kiunoni, na alipoulizwa akasema anaitwa Mama Brayo, watoto wakakataa, wakataka jina lake mwenyewe, naye akalitaja kwa aibu kama msichana: Philomena. Sidhani kama Kayole ilikuwa imemwita Philomena tangu aolewe. Waliimba Philomena mpaka makanga wakaacha abiria wao wakaja kuitikia.

Nanjala peke yake hakuja. Nilinyoosha mkono kuelekea kwenye kivuli cha spika mara mbili, nikaona raba zake zikirudi nyuma. Mtoto hasukumwi kwenye kamba. Ukimsukuma, inamchapa.

Meneja wa Chapa alipanda jukwaani mitambo ilipozimwa, uso umemkauka. "Auntie, umenifanyia nini?" aliniuliza polepole. "Hawajasema jina hata mara moja."

"Wamesema majina mengi."

"Si letu."

Alikaa kwenye ile ngazi ya lori ambako Msimamizi alinipa njugu, akaanza kutazama video kwenye simu yake. Akaitazama tena. Nikaona nyusi zake zikipanda, na nikamjua: lile lilikuwa jicho la mtu wa kazi. "Lakini hii ni moto," alijisemea. "Auntie, hii ni moto kabisa."

Niliagwa ofisini kwa keki, katoni za sabuni na saa ya ukutani ya Safinda, ambayo sasa inagonga juu ya televisheni yangu. Mwezi haukupita kabla sijaelewa ule moto ulikuwa wa nini. Pakiti mpya zilifika madukani, kila moja imeandikwa jina la mtoto chini ya neno Safinda. Tafuta jina lako, tangazo lilisema. Nilipoiona dukani nilishika meza nikacheka mpaka muuza duka akaniletea kiti. Kumbe hata shimo nililolifukua kwa mikono yangu, walikuwa wamelipima na kulijengea nyumba. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Watoto wa Kayole waliingiwa na wazimu wa furaha. Wambui alijipata duka la kwanza tu. Otieno alijipata, akazunguka na pakiti kifuani kama kitambulisho. Mutheu alijipata baada ya siku mbili, mwanzo wa jina lake umetobolewa na msumari wa kutundikia pakiti. Na jioni moja Wambui alikuja mlangoni kwangu, akamkuta Nanjala kwenye ngazi, akamuuliza kile ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza.

"We Safinda mdogo, tukutafutie. Kwani jina lako kamili ni nani?"

Mjukuu wangu alishusha simu. "Nanjala," alisema.

"Twende."

Nilisimulia haya kwa muuza duka wetu baadaye, naye akanisimulia upande wake. Walifika kundi zima, wakapekua rafu yake, wakauliza kama kuna ya Nanjala. Hakuna. Wakavuka kwa jirani. Hakuna. Wakashuka hadi maduka ya chini, Otieno akitangulia mbio akipaza sauti kabla hajafika mlangoni, "Kuna ya Nanjala?" Wauza duka walianza kuulizana wenyewe kutoka dirisha hadi dirisha. Fundi viatu aliinua kichwa akasema hilo ni jina la bibi yake. Mama Philomena alitaka kujua Nanjala ni yupi, wakamwonyesha, akampa karoti. Kampuni ilikuwa na Brian na Faith na Mercy wa kujaza kontena, lakini mtu aliyepanga majina hakuwa na Nanjala hata mmoja kichwani, na kwa sababu hiyo Kayole nzima ililitamka jina lake jioni hiyo, barabara kwa barabara, hadi taa zikawaka.

Wambui alimrudisha kwangu akiwa amekasirika kwa niaba yake. "Shosho, waambie wale watu wako," alinielekeza. "Wana majina ya watu hata hawaishi hapa. Hawamjui Nanjala kweli?"

"Nimestaafu," nilimjibu. "Hawanisikilizi tena."

"Basi wamekosa."

Nanjala alikula karoti yake polepole, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Vijana wa kazi hii wanaponiuliza sasa ninafikiri nini, nikiwa nimekaa na saa ya kampuni ikigonga juu ya kichwa changu, sina hotuba. Niliipenda kazi yangu na bado ninaipenda. Najua shimo likiachwa wazi kitu kitaingia, na wenye kitu cha kuuza wana miguu myepesi kuliko sisi. Watakuja kwenye daftari, kwenye katuni, kwenye jina, na kesho watakuja mahali ambapo mimi na Meneja wa Chapa hatujawahi kupawazia. Ila kuna kitu nilikisahau katika miaka ya lori, na nililelewa nacho Makongeni. Wimbo ule hauhitaji jukwaa. Unahitaji watoto, kamba, na mtu wa kuuliza unaitwa nani.

Jana baada ya shule nilikuwa nikichagua mchele. Nanjala alikuwa mezani na kazi yake ya hesabu, daftari lake limefunikwa kwa gazeti, maana alikataa ile karatasi yetu. Kwanza nikasikia nyayo kwenye korido, nyingi, zikijaribu kutosikika. Kisha kucheka kulikofinywa. Kisha, upande wa pili wa mlango wa chuma, sauti zikapanda, na nikaona kwamba waliyageuza maneno wenyewe, bila kuniuliza.

Mlango wazi, nani atoka?

Wakanyamaza. Shimo zuri, refu kidogo kuliko ambavyo mimi ningethubutu. Mkono wangu ulibaki juu ya sinia. Nanjala aliinua uso kutoka kwenye hesabu, shingo imemnyooka, kama mtu anayesikia mvua mbali.

"Nanjala!" wakaitikia, na korido yote ikalirudia.

Alinitazama. Nikamwambia hesabu haziozi. Alivaa raba bila kuzifunga kamba, akavuta komeo, akatoka mbio, na mlango ukajibamiza nyuma yake.